Bibi Aliyejificha Wildfell Hall

Wasomaji wenzangu, vitabu vinavyosimulia habari za mwanamke aliyekimbilia mahali padogo akajificha huko ni vingi, na kila mwaka hutoka vingine. Kwa kawaida mambo yake hufanana. Mwanamke anashuka katika kijiji asikojulikana, anabadili jina, anapanga nyumba iliyo mbali na nyumba nyingine, wala hapendi kutembelewa. Kijana wa mahali pale anampenda. Nasi tunaosoma tunakaa roho juu, tukingoja kuona kama yule anayemwogopa atakuja siku moja kubisha mlangoni.

Wako watu wanaovidharau vitabu hivyo, wakisema ni vya kupotezea wakati katika gari moshi. Mimi sividharau. Lakini leo nataka kueleza habari za kimoja cha zamani, kilichotungwa na bibi wa Kiingereza, Anne Brontë, na kupigwa chapa mwezi wa Juni mwaka 1848. Jina lake ni The Tenant of Wildfell Hall, yaani mpangaji wa nyumba iitwayo Wildfell Hall. Nimekichagua kwa sababu moja. Katika vitabu vingi vya namna hii anayemwinda mwanamke ni mwuaji, au mwizi, au mwenda wazimu. Ni mtu aliyevunja sheria, na mwanamke akifika kwa polisi ameokoka. Katika kitabu hiki mambo ni kinyume. Mwenye kuwinda ana sheria upande wake, na aliyeivunja sheria ni yule mwanamke mwenyewe.

Hadithi yasimuliwa na mkulima mmoja, Gilbert Markham. Mwaka 1847 anamwandikia shemeji yake Halford, kumweleza mambo yaliyompata alipokuwa kijana, miaka 20 nyuma. Alikuwa akikaa na mama yake, dada yake Rose, na mdogo wake Fergus aliyekuwa mcheshi sana. Siku moja yaja habari nyumbani kwamba Wildfell Hall ina mtu. Nyumba hiyo ilikuwa ya mawe, kuukuu, juu ya kilima chenye upepo, bustani yake imekuwa pori, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu ndani yake. Sasa amehamia mjane kijana, avaaye nguo nyeusi, pamoja na mtoto wake wa kiume wa miaka kama mitano na mtumishi mmoja mzee. Anajiita Bibi Graham. Ametoka wapi? Hakuna ajuaye. Akina mama wa kijiji wakaenda kumsalimu, nia yao hasa ikiwa kuchungulia, wakarudi mikono mitupu.

Gilbert alimwona kwa karibu mara ya kwanza siku aliyokuwa akitembea na bunduki yake na mbwa, karibu na ukuta wa bustani ile. Mtoto alipomwona mbwa akapanda ukutani ili ashuke upande wa pili, nguo yake ikanaswa na mti, akaning'inia. Gilbert akamdaka asianguke. Mara mama akatokea mbio, akamnyang'anya mtoto kama aliyemkuta mwizi anamchukua, akamtazama kijana kwa hasira na hofu. Mtu aliyeokoa mtoto hutazamia kushukuriwa, kwa hiyo Gilbert akaudhika, nasi wasomaji tukaudhika pamoja naye. Baadaye tukijua sababu ya hofu ile, twaona haya.

Jambo jingine lililowashangaza wanakijiji ni habari ya mvinyo. Siku Bibi Graham alipokwenda na mwanawe kuwatembelea akina Markham, mtoto alipopewa mvinyo kidogo alirudi nyuma kama aliyepewa sumu. Mama yake akaeleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuchukia. Mama Markham akacheka, akasema atamfanya mtoto awe mnyonge asiyefaa kitu. Gilbert naye akatia hoja, kwamba mvulana hupata nguvu kwa kukutana na vishawishi na kuvishinda. Bibi Graham akamwuliza kama angemlea msichana kwa njia hiyo hiyo. Gilbert akasema hasha. Kwa nini basi, kama vishawishi ndivyo viletavyo nguvu, wasichana wanyimwe? Na kama huleta maangamizi, kwa nini wavulana waachiwe? Kijana hakuwa na jibu zuri. Mazungumzo hayo yamo katika sura ya tatu, na kwa maoni yangu yangetosha kwa mdahalo wa shule mpaka leo.

Sasa tazameni jinsi mtungaji anavyotuficha siri. Kwa sura 15 za kwanza hatujui ila yale anayoyajua Gilbert. Twamwona bibi yule kwa nje tu. Anachora picha za rangi na kuzipeleka London kuuzwa, lakini juu ya picha ya Wildfell Hall ameandika jina la nyumba nyingine katika wilaya nyingine. Kwa nini? Katika chumba chake cha kuchorea Gilbert aikuta picha ya mwanamume mzuri wa sura, imegeuzwa uso ukutani. Ni nani huyo? Kisha yuko Bwana Lawrence, mwenye nyumba, ambaye humwendea mara kwa mara kwa siri, na mtoto wasema amefanana naye. Binti wa padre, Eliza, ambaye hapo kwanza Gilbert alikuwa akimtongoza, ndiye anayeieneza habari hiyo kwa maneno ya nusu nusu na kicheko.

Sisi tuna methali isemayo, Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wa kijiji kile hawakuijua, lakini waliifuata kabisa. Nami nakiri kwamba nilipokisoma kitabu mara ya kwanza niliifuata pia. Niliposoma kwamba Gilbert amejificha bustanini jioni, akamwona Bibi Graham akitembea na Lawrence, mkono wa Lawrence kiunoni mwake, nilifunga kitabu nikasema: kumbe kweli. Nilikuwa na hakika kama Eliza alivyokuwa na hakika. Haikunipitia akilini kwamba mwanamume aweza kumkumbatia mwanamke naye akawa ndugu yake wa tumbo moja. Ndivyo ilivyokuwa. Lawrence alikuwa kaka yake, na mtoto alifanana naye kwa sababu alikuwa mjomba wake.

Gilbert hakuishia katika kuwaza. Alipokutana na Lawrence njiani amepanda farasi, alimpiga kichwani kwa mpini wa mjeledi, akaanguka, na Gilbert akamwacha pale njiani, damu zinamtoka. Nataka neno hili likumbukwe, maana wengine husema Gilbert ni bwana arusi mwema wa hadithi za mapenzi. Sivyo. Ni kijana mwenye wivu na haraka ya mkono. Wema wake waonekana mahali pengine, nami nitafika huko.

Gilbert alipomwendea kumtaka aeleze, Bibi Graham hakujibu kwa maneno. Alichukua daftari lake, alimokuwa akiandika mambo yake ya siku hata siku, akachana kurasa chache za mwisho, akampa akasome. Kurasa alizochana zilikuwa na habari za Gilbert mwenyewe.

Hapa hapana budi tuiache hadithi kidogo tutazame sheria, kwa kuwa bila kuijua hatuwezi kufahamu kwa nini mtu mzima, mwenye akili, asiye na hatia ya kuiba wala kuua, ajifiche kama mtoro.

Katika Uingereza ya miaka ile, mwanamke akiolewa alikuwa kama amekufa mbele ya sheria. Mwanasheria mashuhuri William Blackstone alieleza mwaka 1765 kwamba mume na mke ni mtu mmoja kisheria, na hali ya mke humezwa katika ile ya mume. Maana yake ni nini katika mambo ya kila siku? Fedha taslimu za mke, nguo zake na vyombo vyake vilikuwa mali ya mume. Mshahara wake, akifanya kazi, ulikuwa wa mume. Hakuweza kushtaki wala kufanya mapatano ya biashara kwa jina lake. Na watoto, hata yule anyonyaye, walikuwa wa baba. Baba aliweza kumwondoa mtoto kwa mama yake na kumpeleka kokote, na mama hakuwa na haki ya kumwona hata siku moja.

Jambo hili la watoto halikuwa la maneno tu. Mwaka 1836 bibi mmoja mtungaji, Caroline Norton, alitengana na mumewe, na mume akawachukua watoto wao watatu. Bibi huyo akaandika na kuwasumbua wakubwa wa Bunge mpaka ikapitishwa sheria ya mwaka 1839, iliyompa mama ruhusa ya kuomba mahakamani akae na mtoto aliye chini ya miaka saba, ila tu kama hakuthibitishwa kuwa amezini. Ni haki ndogo, lakini ilikuwa ya kwanza. Na hadithi yetu yatokea mwaka 1827, miaka 12 kabla ya hata hiyo ndogo kupatikana.

Na talaka je? Kabla ya mwaka 1857 mtu aliyetaka talaka kamili, aweze kuoa au kuolewa tena, ilimpasa apate sheria maalum ya Bunge kwa ajili yake peke yake. Gharama yake ilikuwa kubwa mno, na wanawake walioipata wahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hata baada ya 1857 mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi tu, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutupwa. Tofauti hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1923.

Basi turudi kwa mwenye daftari. Jina lake la kweli si Graham. Graham ni ukoo wa mama yake. Yeye ni Helen Huntingdon, naye si mjane. Mumewe yu hai. Ndiye yule mwanamume mzuri wa sura katika picha iliyogeuzwa ukutani. Zile nguo nyeusi zilikuwa uongo, kama lilivyokuwa uongo jina la nyumba juu ya picha; alihitaji kuuza picha apate chakula, na picha ya nyumba alimojificha ikionekana London kwa jina lake halisi ingeweza kumleta mumewe mpaka mlangoni. Tena fedha alizopata kwa picha hizo, kwa sheria, zilikuwa za mume. Alikuwa akijiibia jasho lake mwenyewe.

Daftari laanza mwaka 1821. Helen alikuwa msichana wa miaka 18, anakaa kwa mjomba na shangazi, na shangazi alimwonya juu ya Arthur Huntingdon. Helen hakusikia. Alijua kwamba kijana yule ana kasoro, lakini alifikiri kwamba mapenzi yake yatamtengeneza. Msomaji, usimcheke. Ni wazo la watu wengi, wake kwa waume. Kurasa zinazofuata zaonyesha polepole jinsi wazo hilo linavyokufa. Mume anakwenda London, anakaa miezi, anarudi mgonjwa kwa ulevi. Analeta rafiki zake nyumbani, wanakunywa mpaka wanapigana. Anafanya mapenzi na mke wa rafiki yake ndani ya nyumba ya Helen. Na mume wa mwanamke yule, bwana mpole aliyejitahidi kuacha pombe, ndiye wa mwisho kujua.

Hayo yote Helen aliyavumilia. Asiloweza kuvumilia ni habari ya mtoto. Baba na rafiki zake walimfanya kijana yule mdogo mchezo wao. Wakamzoeza mvinyo, wakamfundisha matusi, wakamchekelea alipomjibu mama yake vibaya. Sasa twaelewa ile habari ya kijijini. Helen alikuwa ametia dawa ya kutapisha katika mvinyo wa mtoto, kidogo kidogo, mpaka mtoto akauchukia mwenyewe. Mama Markham alicheka kwa sababu hakujua mtoto yule ametolewa wapi.

Akaazimu kukimbia. Hapa kitabu chashika roho kabisa, ingawa hapana bastola wala mzimu. Mpango wa kwanza ulikuwa kuchora picha na kuziuza kwa siri, kisha kuondoka na mtoto. Alikuwa akiandika mpango huo katika daftari. Usiku mmoja mume akamnyang'anya daftari, akakaa akalisoma mbele yake. Akamnyang'anya funguo, akatwaa fedha zake na vito vyake, akatupa rangi na brashi zake motoni mbele ya macho yake. Wala hakuvunja sheria yoyote. Vitu vyote hivyo vilikuwa vyake mume. Toka siku ile Helen alipewa fedha kidogo ya matumizi kila mwezi, kama mtoto.

Mpango wa pili ulikuwa wa kaka yake. Wildfell Hall ilikuwa nyumba ya ukoo wao, nayo ilikuwa tupu. Lawrence akatengeneza vyumba vichache. Siku moja kabla ya mapambazuko, Helen, mtoto wake, na mtumishi mzee Rachel wakatoka nyumbani, mtumishi mwingine mwaminifu akiwasaidia mizigo, wakapanda gari la abiria la farasi. Ndipo Helen akaingia katika kijiji cha Gilbert, ambako kila mtu alitaka kujua yeye ni nani.

Nadhani sasa mwaona kwa nini umbeya wa Eliza haukuwa mchezo. Mahali padogo humficha mtu kwa sababu pako mbali, na humfichua kwa sababu wenyeji hawana la kuzungumza ila yeye. Habari za kijiji huenda katika barua, na barua hufika popote. Ingalitosha mwanamke mmoja aandike kwa jamaa yake kwamba kuna bibi mchoraji, mwenye mtoto jina lake Arthur, anakaa peke yake juu ya kilima. Huntingdon alikuwa akiwatafuta. Angalifika mchana kweupe, asihitaji kisu wala kamba, amshike mtoto mkono aondoke naye, na polisi wangalimfungulia mlango.

Mtungaji mmoja mwanamume, George Moore, mwaka 1924 alikisifu kitabu hiki, lakini akalalamika juu ya daftari. Aliona kwamba moto wa mapenzi unapoa, kwa kuwa tunamwacha Gilbert na kukaa muda mrefu ndani ya maandishi. Afadhali Helen angalimsimulia mwenyewe ana kwa ana. Ni kweli daftari ni refu, toka sura ya 16 mpaka ya 44, na baadhi ya karamu za walevi zingaliweza kufupishwa. Walakini mimi sikubaliani naye. Fikirini Helen alikuwa na nini. Hakuwa na mahakama ya kumsikiliza, wala shahidi ila mtumishi wake. Alichokuwa nacho ni maandishi yaliyoandikwa siku ile ile jambo lilipotokea. Angalisimulia kwa mdomo, Gilbert angaliona machozi yake na sura yake nzuri, na angalimwamini kwa sababu anampenda. Akisoma, ilimpasa apime. Tena daftari lile lile ndilo lililomponza mbele ya mumewe. Mume alilisoma akamfunga. Gilbert alilisoma usiku kucha, asubuhi akaenda kuomba radhi. Hapo ndipo wema wa Gilbert ulipo. Alikwenda hata kwa Lawrence, ambaye kichwa chake kilikuwa kingali na jeraha.

Baada ya hapo hawakuweza kuoana, kwa maana Helen alikuwa mke wa mtu. Wakaagana. Kisha mume akaanguka farasini akaumia, na Helen akarudi kumwuguza. Wasomaji wengi hukasirika hapa. Hata mimi nilikasirika, mpaka nilipoitazama karatasi. Helen hakumruhusu mume amwone mtoto mpaka alipotia sahihi karatasi ya ahadi juu ya mtoto huyo. Alirudi kwa hiari yake, na kwa masharti yake. Huntingdon aliendelea kunywa pombe ambayo daktari alimkataza, akafa akiogopa kufa, amemng'ang'ania mke wake mkono. Ni mojawapo ya sura zilizoandikwa vizuri kupita zote, na hakuna neno la kumshangilia mtu aliyeshinda.

Mwisho wa mapenzi ni mfupi. Umbeya wamdanganya Gilbert tena: aambiwa Helen aolewa, asafiri mbio katika theluji, akute anayeoa ni Lawrence. Aenda kwa Helen, aona amerithi nyumba kubwa ya mjomba wake, aona haya kumposa mwanamke tajiri. Helen afungua dirisha, achuma ua lililochanua katika baridi, ampa. Gilbert hafahamu maana yake, anazubaa. Helen aona amekataliwa, alitupa ua nje. Hapo ndipo kijana akili zikamrudia, akaruka kwenda kuliokota. Wakaoana. Mtungaji hasemi neno juu ya jambo moja ambalo mimi siwezi kulisahau: kwa sheria ile ile, isipokuwa wanasheria wameandika mapatano kabla ya arusi, fedha za Helen zaingia mikononi mwa mume mpya. Sheria ya kumpa mwanamke aliyeolewa mshahara wake mwenyewe ilipitishwa mwaka 1870, na ile ya kumwachia mali yake yote mwaka 1882. Helen alikuwa salama kwa sababu Gilbert alikuwa mtu mwema, basi.

Sasa niseme kidogo juu ya mtungaji, maana yeye naye alikuwa mwanamke aliyejificha. Anne Brontë alizaliwa mwaka 1820, binti mdogo wa padre Patrick Brontë wa Haworth, katika Yorkshire. Yeye na dada zake Charlotte na Emily walitunga vitabu kwa majina ya uongo: Currer, Ellis na Acton Bell. Anne ndiye Acton. Walijua kwamba kitabu cha mwanamke hakipimwi kwa mizani ile ile. Siri yao ilikaa vizuri mpaka mpiga chapa wa Anne, Thomas Newby, alipojaribu kukiuza kitabu hiki Marekani kana kwamba kimetungwa na Currer Bell, kwa kuwa Jane Eyre cha Charlotte kilikuwa kimejipatia sifa kubwa mwaka uliotangulia. Mpiga chapa wa Charlotte akafikiri amedanganywa. Basi mwezi wa Julai 1848 Charlotte na Anne wakaenda kwa miguu mpaka Keighley katika mvua ya dhoruba, wakasafiri usiku kucha kwa gari moshi mpaka London, wakamtokea Bwana George Smith ofisini mwake, mabibi wawili wadogo wa mwili, wamwonyeshe kwamba hao akina Bell ni zaidi ya mmoja.

Habari za ulevi Anne hakuzitoa hewani. Alikuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya matajiri kwa miaka mitano, na kaka yake Branwell alifundisha nyumba hiyo hiyo mpaka alipofukuzwa mwaka 1845. Toka hapo Branwell alikaa kwa baba yake akinywa pombe na kula afyuni, na Anne alikuwa chini ya dari moja naye alipokuwa akiandika kitabu hiki. Branwell alikufa Septemba 1848, Emily akamfuata Desemba, na Anne mwenyewe akafa kwa kifua kikuu tarehe 28 Mei 1849 mjini Scarborough, umri wake miaka 29. Alizikwa huko huko, kando ya bahari.

Kitabu kiliuzwa sana. Ilipofika Agosti 1848 toleo la pili lilikwisha kutoka. Lakini wakosoaji wengine walikiita kichafu, kisichofaa kusomwa na wasichana. Anne aliwajibu katika dibaji ya toleo lile la pili, akisema kwamba aliandika kusudi aseme kweli, na kwamba ni afadhali kumwonyesha kijana shimo kuliko kulifunika kwa maua. Alipokwisha kufa, Charlotte mwenyewe aliona kitabu hiki kilikuwa kosa, wala hakutaka kitolewe upya mwaka 1850 pamoja na vingine vya dada zake. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa amezika watatu katika miezi tisa, na ndani ya kitabu hiki alimwona mmoja wao amelewa.

Neno la mwisho ni kwa wale watakaokitafuta. Mwaka 1854 kilitolewa London kwa bei rahisi na mpiga chapa aitwaye Hodgson, naye alikikata vibaya, akiondoa hata barua ya kwanza ya Gilbert. Wapiga chapa wengi waliofuata walichukua maneno ya toleo hilo bila kujua, na nakala za namna hiyo zingali katika makabati ya vitabu. Ukiipata nakala, fungua mwanzo kabisa, kabla ya sura ya kwanza. Kama kuna barua kwa Halford, kitabu chako ni kizima. Kama hakuna, kirudishe ukatafute kingine.